Kishikwambi Kimoja kwa Shule Ishirini: Kisa cha Tusome

Mwaka 2013 Wakenya waliahidiwa kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la 1. Ahadi ilichelewa, ikabadilika sura, na kuanzia 2016 vifaa zaidi ya milioni 1, vingi vikiwa vishikwambi, vikasambazwa katika shule za msingi za umma. Wakati huo huo, bila kelele nyingi, mradi mwingine ulikuwa umeshaingia katika shule hizo hizo ukiwa na vishikwambi vichache mno. Ulitoa kimoja kwa kila ofisa anayesimamia takriban shule 20. Mwanafunzi hakupewa chake, wala mwalimu.

Mradi huo ni Tusome. Ulianza shuleni 2015 chini ya Wizara ya Elimu, kwa ufadhili wa USAID, shirika la misaada la Marekani, na serikali ya Uingereza, ukitekelezwa na RTI International, taasisi ya utafiti ya Marekani. Kazi yake ilikuwa kuinua usomaji wa Kiingereza na Kiswahili, kwanza darasa la 1 na la 2, baadaye la 3. Ulifikia shule za umma zipatazo 23,000 pamoja na shule nyingi za binafsi za ada nafuu. Sifa kubwa zaidi hupewa vitabu, na ni haki: kila mtoto alipata chake badala ya watano kubanana juu ya kimoja. Mimi nitakaa na kitu kidogo zaidi, ile apu iliyokuwa kwenye kishikwambi cha ofisa. Naamini ndiyo sehemu ya mradi inayoeleweka vibaya zaidi. Wengi wanaoitaja husema ilikusanya data ya wanafunzi. Ni kweli, ilikusanya. Ila haikufaulu kwa sababu hiyo.

Kabla ya kishikwambi

Kenya ilikuwa na wasimamizi wa ualimu muda mrefu kabla ya Tusome. Waliitwa TAC tuta, yaani washauri wa vituo vya ushauri kwa walimu, wakawa baadaye Maofisa wa Usaidizi wa Mtaala chini ya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Shuleni kila mtu anawaita CSO, kifupi cha jina lao la Kiingereza. Kwenye karatasi kazi yao ilikuwa kuingia darasani, kumtazama mwalimu akifundisha, na kumsaidia. Kwa vitendo, siku zao zililiwa na mengine: kusambaza barua, kusimamia mitihani, kuhudhuria mikutano ya kaunti ndogo, kuandaa mashindano.

Ushahidi kwamba ofisa alifika shuleni ulikuwa sahihi yake katika kitabu cha wageni, ofisini kwa mwalimu mkuu. Kitabu cha wageni hakisemi kama mgeni aliingia darasani. Mtu angeweza kusaini, akaketi dakika 15 na mwalimu mkuu, akapanda pikipiki akaondoka, na rekodi yake ikawa sawa kabisa na ya mwenzake aliyekaa nyuma ya darasa somo zima. Ngazi ya kaunti hapakuwa na njia ya kuwatofautisha hao wawili. Nairobi ndiyo kabisa.

Kabla ya Tusome kulikuwa na mradi wa majaribio ulioitwa PRIMR, uliokwenda 2011 hadi 2014. Ndani yake kulifanyika jaribio moja katika Kaunti ya Kisumu ambalo wapangaji wa teknolojia shuleni wangepaswa kulijua kwa moyo. Shule ziligawanywa. Kundi moja, wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vya kielektroniki. Kundi la pili, walimu walipewa vishikwambi. Kundi la tatu, vishikwambi walipewa wasimamizi peke yao. Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wale ambao hawakuguswa na mradi, lakini tofauti baina ya makundi matatu yenyewe haikuwa ya kutajika. Sasa fanya hesabu ya vifaa. Darasa moja la watoto 50 linahitaji vifaa 50, ilhali msimamizi mmoja anahitaji kimoja kwa shule zake zote. Matokeo yakikaribiana na gharama zikatofautiana kiasi hicho, uamuzi haukuwa mgumu.

Ziara moja, hatua kwa hatua

Apu iliyotumika ilijengwa juu ya Tangerine, programu huria ya RTI iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya kupima usomaji wa watoto wadogo. Hukaa kwenye kifaa cha Android na hufanya kazi bila mtandao. Data huhifadhiwa humo humo hadi ofisa atakapopata mawimbi, ndipo hupandishwa kwenye seva. Jambo hilo la mwisho linaonekana dogo kwa anayekaa mjini. Apu ya shule inayodai intaneti wakati wa kujaza fomu, kwa shule nyingi za mashambani, haitumiki.

Ofisa anaingia somo linapoanza. Anaketi nyuma, anafungua fomu ya somo husika, na kifaa kinanasa saa pamoja na mahali kwa GPS. Mwalimu ana mwongozo wenye somo la siku lililopangwa hatua kwa hatua, na ofisa ana mwongozo huo huo ndani ya kishikwambi, kwa hiyo wote wawili wanajua ni ukurasa gani. Maswali ya fomu ni ya kuona kwa macho. Je, watoto wana vitabu mkononi? Je, mwalimu anafuata mwongozo? Je, anaonyesha kwanza, kisha wanafanya pamoja, kisha watoto wanajaribu wenyewe? Ndani ya kishikwambi mna pia apu ya sauti za herufi, ili ofisa asiyekuwa na hakika na sauti fulani ya Kiingereza aisikilize kabla hajamkosoa mwalimu. (Nani aliyewazia hilo? Apewe soda. Msimamizi anayemsahihisha mwalimu kimakosa hupoteza heshima kwa muda mrefu.)

Somo likiisha, wanaitwa watoto watatu, mmoja mmoja. Mtoto anasoma kifungu kifupi kwa sauti, dakika moja inahesabiwa kwenye skrini. Neno analokosea, ofisa analigusa na linawekewa alama. Dakika ikiisha, anagusa neno la mwisho alilofikia mtoto, na apu inapiga hesabu yenyewe. Tuseme mtoto wa darasa la 2 amefika neno la 38 la kifungu cha Kiswahili na makosa ni matano. Ni maneno sahihi 33 kwa dakika. Viwango vilivyowekwa pamoja na Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, vinasema msomaji fasaha wa Kiswahili kwa umri huo hufikia 45, na anayeanza kuchipukia 17. Kwa Kiingereza ni 65 na 30. Kwa hiyo huyu amevuka wa kuchipukia, hajawa fasaha.

Halafu ofisa na mwalimu wanaketi. Kutokana na majibu yaliyojazwa, apu inampa ofisa mapendekezo ya mambo ya kuzungumza. Wanaongea hapo hapo, somo likiwa bado bichi kichwani na daftari za watoto zikiwa bado mezani. Mazungumzo haya ndiyo kiini cha mfumo mzima. Namba ya mtoto imeshafanya kazi yake dakika chache baada ya kuzaliwa, kabla haijafika seva yoyote. Fomu nyingi za elimu husafiri kwenda juu na hazirudi tena: mwalimu anajaza, mwalimu mkuu anapeleka, ofisi ya kaunti ndogo inajumlisha, na aliyejaza hasikii lolote hadi muhula mwingine anapoombwa ajaze tena. Hapa mkusanyaji wa data ndiye mtumiaji wake wa kwanza.

Nani alikuwa akipimwa?

Data ikishapanda kwenye seva, dashibodi, yaani ukurasa wa muhtasari wa data, ilionyesha kwa kila kaunti na kila eneo: ziara zilizofanyika, ziara zilizolengwa, asilimia iliyotimizwa, wastani wa maneno kwa dakika, na ramani ya mahali ziara zilikofanyika. Mkurugenzi wa kaunti aliweza kuifungua asubuhi na kuona eneo lipi halijatembelewa mwezi mzima.

Angalia safu hizo tena. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zinamhusu ofisa. Ramani inamhusu ofisa. Wastani wa usomaji tu ndio unaomhusu mtoto, na kwa mbali mwalimu. Apu hii, kwa jicho langu, ilikuwa kipimo cha msimamizi kilichovaa sare ya kipimo cha mwanafunzi, na hapo ndipo palipokuwa na werevu wake. Kiungo kilicholegea katika mfumo wa Kenya hakikuwa ukosefu wa habari kwamba watoto hawasomi. Tafiti za miaka mingi zilishalisema hilo. Kilicholegea ni kwamba aliyelipwa kwenda darasani hakuwa akienda, na hakuna aliyeweza kumuuliza kwa ushahidi.

Nauli ndiyo iliyofunga fundo. Maofisa walirudishiwa gharama ya usafiri kwa kadiri ya ziara zilizoonekana kwenye mfumo. Ukienda, ukatazama somo, ukapandisha data, unalipwa nauli. Ukibaki ofisini, hakuna wa kukugombeza, lakini pia hakuna cha kudai. Kabla ya hapo ofisa mwenye bidii alikuwa akijilipia mafuta ya pikipiki kutoka mfukoni, yaani mfumo ulikuwa unamtoza faini kwa kufanya kazi yake.

Fedha ikishafungwa kwenye namba, namba hubadilika tabia. Hili halikwepeki, na GPS si dawa kamili: inathibitisha kuwa kifaa kilikuwa shuleni saa nne asubuhi, haithibitishi kwamba macho ya mwenye kifaa yalikuwa kwa mwalimu. Ofisa mjanja anaweza kuchagua shule tatu zilizo kando ya lami na kuzirudia, akaiacha ile ya mlimani. Ndiyo maana idadi ya ziara peke yake ni safu dhaifu. Ningemshauri anayesoma dashibodi ya aina hii aanze na idadi ya shule tofauti zilizofikiwa, kisha orodha ya shule ambazo hazijafikiwa muhula huu. Orodha hiyo ya pili ni fupi, ina majina, na mtu anaweza kuifanyia kazi kesho.

Kuna pia suala la haki kati ya maeneo. Eneo la Kiambu ambako shule zinaonana kwa macho haliwezi kuwekwa kwenye jedwali moja na eneo la Turkana au Marsabit ambako kati ya shule na shule ni safari ya nusu siku, kisha watu wakaulizwa kwa nini asilimia zinatofautiana. Lengo lazima lizingatie idadi ya shule na umbali. Lisipofanya hivyo, dashibodi itakuwa inapima barabara.

Watoto watatu

Sasa nije kwenye safu ninayoiogopa zaidi, wastani wa usomaji.

Chukua darasa ambalo nusu ya watoto wamefikia kiwango na nusu hawajafikia. Ukiwaita watatu kwa kubahatisha, uwezekano wa wote watatu kuwa wasomaji ni 1 kati ya 8, na wa wote watatu kuwa wasiosoma ni 1 kati ya 8 vilevile. Maana yake, katika ziara 1 kati ya kila 4, ofisa ataondoka na picha ya darasa ambalo lote linasoma au lote halisomi, na picha zote mbili ni za uongo. Mwalimu akihukumiwa kwa ziara hiyo moja, amehukumiwa kwa kura ya shilingi.

Ukijumlisha ziara nyingi, hali hubadilika. Maofisa 1,000 wakifanya ziara 10 kila mmoja kwa mwezi, hao ni watoto 30,000, na bahati nasibu ya darasa moja inazimwa na ya jingine. Lakini hilo ni kwa makosa ya bahati tu. Makosa ya upendeleo hayazimiki hata uongeze watoto wangapi. Mwalimu akiambiwa “niitie watatu,” mkono wake utaenda kwa wale wa dawati la mbele, na si lazima awe na nia mbaya. Hata ofisa mwenyewe huvutwa na mtoto mchangamfu. Dawa yake ni rahisi na haihitaji teknolojia. Fungua rejista. Kama darasa lina watoto 48, gawanya kwa 3 upate 16. Chagua namba yoyote kati ya 1 na 16, tuseme 7, kisha waite wa 7, wa 23 na wa 39. Asiyekuwepo, chukua anayemfuata. Apu inaweza kuitoa namba hiyo yenyewe ofisa akishaandika idadi ya watoto, na hapo hakuna wa kulaumiwa wala wa kushukiwa.

Kosa jingine ni kusoma safu ya Kiswahili na ya Kiingereza kama ligi moja. Neno la Kiswahili hubeba viambishi vingi na huwa refu, kwa hiyo maneno machache kwa dakika si dalili ya usomaji hafifu. Viwango viwili tofauti viliwekwa kwa sababu hiyo. Anayetazama dashibodi kwa haraka akaona 40 upande mmoja na 50 upande mwingine, akahitimisha kwamba Kiswahili kinafundishwa vibaya, ameisoma kinyume: 40 inakaribia kiwango chake cha 45, na 50 bado iko mbali na 65.

Waliobuni Tusome walilijua tatizo la watoto watatu, kwa maana hawakuitegemea apu kusema kama mradi umefaulu. Swali hilo liliachiwa tathmini huru, yenye sampuli ya shule, wapimaji waliofunzwa ambao si wasimamizi wa walimu wale, na vipimo vya mwanzo na vya katikati. Tathmini hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba kati ya 2015 na 2016 usomaji ulipanda katika lugha zote mbili. Data ya maofisa ilibaki kuwa ya kuendeshea kazi. Nimeona miradi mingine ikichanganya hizo mbili ili kuokoa fedha: anayefundisha, anayemsimamia na anayetoa alama ya mwisho ni kundi lile lile la watu kwa fomu ile ile. Grafu hupanda kila muhula, bila shaka.

Walimu wale wale, mfumo mwingine

Mwaka 2016 TSC ilileta TPAD, mfumo wa kuwatathmini walimu unaojazwa mtandaoni. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la 2 alijikuta chini ya mifumo miwili ya data kwa wakati mmoja. TPAD ilipingwa vikali na chama cha walimu, KNUT, na malalamiko yalikuwa ya wazi: muda wa kujaza, intaneti, na hofu kwamba alama zitatumika dhidi ya mwalimu. Apu ya Tusome haikuchochea vita ya namna hiyo.

Sitasema ni kwa sababu moja ilikuwa nzuri na nyingine mbaya. Zina malengo tofauti, na mwajiri yeyote ana haki ya kutathmini wafanyakazi wake. Lakini tofauti mbili zinaonekana waziwazi. Kwa Tusome, mzigo wa kujaza ulikuwa wa ofisa, mwalimu hakuandika kitu. Na matokeo ya ziara yalikuwa mazungumzo, hayakuingia kwenye faili lake la kupandishwa cheo. Mwalimu anayejua kwamba dosari iliyoonekana leo itaishia kwenye ushauri hufundisha kama anavyofundisha siku zote. Akijua itaishia kwenye faili, atafundisha somo la maonyesho, na data yote itakuwa ya masomo ya maonyesho. Siku ambayo mtu ofisini atasema “hizi data tunazo tayari, kwa nini tusizitumie kuwapangia walimu daraja,” ndiyo siku ya kuanza kuzitilia shaka.

Mambo ya faragha na ya fedha

Tusome ilianza kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Atakayeanzisha mfumo kama huu Kenya leo hana nafasi hiyo. Sheria inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data binafsi ya mtoto, na Kamishna wa Ulinzi wa Data ameonyesha kwamba hatanii: mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Njia fupi ni kutokusanya usichokihitaji. Ofisa anayepima watoto watatu ili aongee na mwalimu hahitaji majina yao kwenye seva, wala picha, wala namba ya usajili. Darasa, jinsia na alama vinatosha. Mwalimu anawajua watoto kwa sura, na mazungumzo yanafanyika pale pale.

Fedha ni ngumu zaidi. Kifaa hupasuka kioo, betri huchoka, toleo jipya la Android hukataa apu ya zamani, na seva hulipiwa kila mwezi. Hayo yote bado si kitu mbele ya nauli. Ziara zilienda kasi kwa sababu kulikuwa na mfuko wa kumrudishia ofisa gharama yake, na mfuko huo ulikuwa wa mradi. USAID yenyewe ilifungwa kama shirika Julai 2025. Wizara inaweza kurithi apu bure, maana ni programu huria. Inaweza kurithi dashibodi, viwango vya KNEC na miongozo ya walimu. Nauli hairithiwi: inaingizwa kwenye bajeti kila mwaka, ikipigania nafasi na madawati na mabweni. Ofisa mwenye shule 20 anayelenga kufika kila shule mara moja kwa mwezi ana safari 20 za kwenda na kurudi kila mwezi wa muhula. Zidisha kwa maofisa zaidi ya 1,000. Hesabu hiyo inapaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa pendekezo lolote la kuirudisha apu hii kazini, mbele ya idadi ya vishikwambi.